Nta Kwenye Mstari wa Adhabu

Katika miaka kumi na minne Idwal Prosser alimwomba Otto Fessler jambo moja tu, tena kwa adabu: asipake nta sakafu kabla ya mechi ya mpira wa kikapu. Apake baadaye. Au kama hawezi kusubiri, basi akiruke kile kipande kidogo mbele ya goli, pale kwenye mstari wa adhabu, kipande kisichozidi upana wa mkeka. Fessler aliitikia kwa kichwa kila mara. "Nimekusikia, Idwal. Ni ombi la haki kabisa." Kisha Jumamosi ilifika na sakafu ikawa inang'aa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu mechi ilikwisha saa tatu, na saa tatu na robo bendi ilianza kupiga, na watu wa Glynmoor walitaka kuteleza. Kiingilio kilikuwa kimoja kwa mpira na dansi. Tangu serikali ipige bia marufuku, ukumbi wa Fessler uliishi kwa dansi.

"Wewe kazi yako ni kusimama tu," Fessler alimwambia siku moja. "Wenzako wanaokimbia hawalalamiki."

"Wenzangu wanaokimbia wanaanguka, Bwana Fessler."

"Lakini hawalalamiki."

Kazi ya Idwal ilikuwa kusimama, hilo ni kweli. Mchana alikuwa karani wa mizani kwenye mgodi wa makaa, mtu wa kusoma mshale na kuandika alichokisoma, si zaidi wala si pungufu. Jumamosi jioni alikuwa mtupaji wa adhabu wa Glynmoor. Wakati huo kila timu ilikuwa na ruhusa ya kuchagua mtu mmoja wa kutupa adhabu zote. Aliyechezewa faulo aliinuka, akajifuta damu, akampa mpira mtu huyo, basi. Na faulo hazikuhesabika. Uwanja ulizungushiwa waya mrefu kuliko mtu, watu kumi wakafungiwa humo ndani ya kizimba, na kwa kuwa mpira haukuweza kutoka nje, mchezo haukusimama mpaka mtu aumizwe. Mechi nyingi za bonde lile ziliamuliwa na adhabu, na kwa upande wa Glynmoor adhabu maana yake ilikuwa Idwal.

Alijifunza akiwa kijana, kwenye chumba cha chini cha kanisa la wahamiaji wa Wales, ambako kikapu cha kuvunia viazi kilipigiliwa misumari kati ya boriti mbili. Dari ilikuwa chini mno. Aliyerusha mpira kwa kuupandisha kutoka kifuani aligonga boriti, na mchungaji akateremka kuuliza kunani. Njia pekee ilikuwa kuushika mpira kwa mikono miwili chini kabisa, kati ya magoti, na kuuachia taratibu upite katikati ya boriti kama barua inayopita chini ya mlango. Idwal aliendelea kutupa hivyo hivyo hata alipofika kwenye kumbi zenye dari za kawaida. Mtindo huo haukuwa mzuri kuutazama. Watu wa Dunmarle, mji wa ng'ambo ya mto, walimpa jina la Bibi.

"Bibi, umeangusha miwani!" walimwita kutoka nyuma ya waya kila alipoinama. "Bibi, mgongo utakatika!"

Miwani na mgongo alivizoea. Hakuzoea mambo mengine. Wachimbaji wa Dunmarle walipasha misumari midogo kwenye moto wa taa zao za mgodini, wakamrushia mapajani wakati amesimama kwenye mstari. Wake zao walipenyeza pini za kofia kwenye matundu ya waya. Naye alisimama pale, juu ya nta, ameshika mpira ambao mshono wake ulifungwa kwa gidamu nene kama za buti, na gidamu hizo zikielekea chini mpira huruka kombo. Kwa hiyo kila mara alifanya mambo manne, kwa utaratibu ule ule: alifuta vidole kwa kitambaa alichoshonewa na mkewe, akafuta soli za viatu kwa kitambaa hicho hicho, akageuza gidamu ziwe pembeni, upande wa kulia, kisha akangoja mpaka kelele zichoke. Katika kila adhabu kumi alifunga nane, na msimu mmoja tisa. Kwa nini hakufunga kumi? Aulizwe Fessler na nta yake.

Kisha, vuli ile alipofikisha miaka thelathini na saba, barua ya ligi ilifika. Fessler aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mizani, kofia mkononi, jambo ambalo peke yake lilimtia Idwal wasiwasi.

"Wamebadilisha kanuni," alisema. "Kuanzia msimu huu, anayechezewa faulo anatupa mwenyewe."

"Kila mtu?"

"Kila mtu yake."

"Hata Stas?"

Fessler alivaa kofia. "Hilo nalo ndilo lililonileta. Kuna kijana namleta kutoka mji wa Trenton mwezi wa kwanza. Anakimbia, anadaka, anatupa. Mmoja wenu lazima aondoke, nami nakuambia wazi kwa sababu tumetoka mbali. Ni wewe au Stas. Yeye hawezi kutupa na wewe huwezi kukimbia. Nitaamua baada ya mechi ya Dunmarle, kabla ya Krismasi."

"Sawa."

"Na katikati hapo," Fessler alisema, bila hata kuona haya, "mfundishe Stas kutupa. Wewe ndiye unayejua."

Stas Wojtala alikuwa mtu wa katikati wa timu, Mpolandi wa miaka ishirini na minne, mrefu hata akaingia milango ya mgodi kwa kuinama. Aliruka vizuri, alipigana vizuri, na kila timu bondeni ilikuwa ikimchezea faulo kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumzuia. Mbele ya goli, akiwa peke yake na mpira, alikuwa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga anayelia.

Jioni ile Idwal alimweleza mkewe Marged habari yote mezani. Marged alikuwa akimenya viazi na hakuacha.

"Kwa hiyo akijifunza, unatoka wewe."

"Ndiyo."

"Asipojifunza, anatoka yeye."

"Ndivyo alivyosema."

"Na mwalimu ni wewe."

"Marged, nimekwisha kueleza."

"Najaribu tu kuona kama nimesikia vizuri." Alitumbukiza kiazi sufuriani. "Basi mfundishe vibaya."

Idwal alimsogezea kiazi kingine. Alikuwa ameifikiria njia hiyo kabla yake, akiwa bado mizanini, na kilichomkera zaidi ni kwamba haikumshtua.

Mafunzo yalianza Jumanne ukumbini, baada ya zamu. Stas alikuja na uso wenye masizi, amejaa shukrani, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia.

"Bwana Prosser, nashukuru sana. Mama yangu pia anakushukuru. Anakuombea."

"Shika mpira. Chini. Chini zaidi. Kati ya magoti."

Stas aliutazama mpira, akamtazama Idwal. "Kama Bibi?"

"Kama mimi."

"Watanicheka, Bwana Prosser."

"Sasa hivi hawakucheki?"

Stas alifikiri. "Wananicheka."

"Basi. Inama."

Aliinama. Aliurusha mpira kama yanavyorushwa makaa kwenye behewa, ukagonga dari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigonga, ukaleta chini vumbi na kipande cha karatasi ya mapambo ya dansi ya mwaka uliopita. Mara ya pili aliteleza kwenye nta akakaa chini. Mara ya tatu alifanya ishara ya msalaba kwanza, haraka, kisha mpira ukaingia bila kugusa chuma cha goli.

"Umeona!" alisema Stas.

Idwal, aliyelelewa kwenye kanisa lisilokuwa hata na mshumaa, alisema, "Hiyo ya mkono acha. Inakupotezea utulivu."

Bila ishara ya msalaba alikosa mara kumi na moja mfululizo. Idwal alizihesabu. Ya kumi na mbili alifumba macho.

"Fungua macho, wewe."

"Nikiyafungua naona goli, Bwana Prosser. Nikiliona naogopa."

"Haya. Fanya msalaba wako. Mara moja tu, na uufanye kwa kifupi."

Tatizo kubwa lilikuwa miguu. Stas alisimama na mguu wa kulia mbele, amejipinda, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kwa hiyo kila mpira ulikwenda kushoto. Idwal aliliona kosa hilo jioni ya kwanza. Alifungua mdomo kulisema, kisha akaufunga. Alijiambia kwamba mtu hafundishwi yote siku moja. Alhamisi hakulisema pia. Jumanne iliyofuata Stas alikosa mara ishirini, zote kushoto, pale pale pembeni ya chuma, akawa anasema, "Leo ni mkono," na "Leo ni mpira," na Idwal alikuwa ameketi kwenye kiti cha mpiga filimbi wa bendi anauma kucha.

Alirudi nyumbani akakiacha chakula.

"Unaumwa?" Marged aliuliza.

"Anaweka mguu wa kulia mbele."

"Nani?"

"Kila mara. Na kiwiko kinatoka nje. Anasimama vile, halafu anashangaa. Mtu anawezaje kusimama vile halafu akashangaa?"

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Marged alitazama sahani, akamtazama mumewe. "Kwa hiyo umefanya nilivyokuambia."

"Nimefanya."

"Na huwezi kula."

"Ningeweza kula kama angekosa vizuri. Anakosa vibaya, Marged. Inaumiza macho."

"Idwal," alisema mkewe, akaisogeza sahani pembeni kwa ajili ya kesho, "wewe ungekuwa mwizi, ungerudi kufunga mlango."

Siku ya pili Idwal hakungoja Alhamisi. Alimkuta Stas kwenye geti la mgodi, wachimbaji wakitoka kwa makundi, akamshika mkono akamvuta kando. Alichora mstari kwenye matope kwa ncha ya kiatu. "Miguu yote miwili hapa. Sawasawa. Kama umesimama kanisani."

"Kanisani kwetu tunapiga magoti, Bwana Prosser."

"Stas."

"Nimesimama."

"Sasa niambie kwa nini mpira wako unakwenda kushoto."

Stas alitazama miguu yake kwa muda mrefu. Watu walipita, mmoja akauliza kama wanacheza dansi. "Mungu wangu," Stas alisema polepole. "Ni miguu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia."

"Leo."

"Leo ndiyo nimekuambia."

Baada ya hapo alifunga tano kwa kumi, baadaye sita. Kila ilipoingia moja, Idwal alihisi kitu kinamtoka na kingine kinatulia, na alishindwa kujua kipi kinamkera zaidi. Bado kulikuwa na gidamu. Stas alisahau gidamu kila mara. Alikumbuka msalaba, alikumbuka miguu, lakini zile kamba aliziacha zielekee popote zilipopenda. "Pembeni," Idwal alisema. "Kulia." Alisema hivyo hadi akawa anaota anasema.

Dunmarle walikuja Jumamosi ya kabla ya Krismasi, watu mia mbili na pini zao. Fessler alikuwa amening'iniza karatasi za rangi kila mahali kwa ajili ya dansi, na nta ilikuwa nzito kiasi kwamba mwamuzi, mtu mzima aitwaye Keogh, aliingia kizimbani ameshika waya. Idwal alifuta soli zake. Hakusema lolote. Alikuwa amekwisha kusema kwa miaka kumi na minne.

Yeye mwenyewe alicheza vibaya. Goti lilikuwa limevimba tangu Novemba, na yule aliyekuwa akimkaba alimpita kama anavyopitwa mtu aliyesimama barabarani anasoma gazeti. Stas alichezewa faulo mara nane, alifunga nne. Kila alipoinama, upande wa Dunmarle ulilia kwa furaha. "Wamekuwa wawili! Bibi amezaa!" Stas aligeuka mwekundu hadi shingoni, lakini aliinama hivyo hivyo.

Dakika moja kabla ya mwisho, mabao yalikuwa ishirini na moja kwa ishirini na moja. Stas aliruka chini ya goli, watu wawili wakamshukia kwa pamoja, mmoja kwa kiwiko, na akagonga waya ukatikisika mpaka upande wa pili. Keogh alipuliza filimbi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Glynmoor walilisimulia kwa miaka, kila mmoja akidai kwamba yeye aliliona mapema. Stas aliinuka, akajifuta pua, akampa Idwal mpira. Idwal aliupokea. Alikwenda kwenye mstari. Alifuta vidole, akafuta viatu, akageuza gidamu pembeni. Wachezaji wengine wanane walijipanga walivyojipanga siku zote. Keogh aliinua mkono alivyouinua siku zote. Watu wa Dunmarle, kwa mazoea ya miaka kumi na minne, walianza: "Bibi, miwani!" na msumari wa moto ukampata Idwal pajani, naye akangoja kelele zichoke, akainama, akauachia mpira. Uliingia bila kugusa kitu.

Watu wa Glynmoor waliruka. Fessler aliruka. Idwal alirudi nyuma hatua tatu kujipanga, na hapo akamwona Stas amesimama mikono mitupu, mdomo wazi.

"Ngoja," alisema nahodha wa Dunmarle. "Aliyechezewa faulo si huyu mrefu?"

Kelele zilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili. Keogh aliangalia filimbi yake kana kwamba jibu liko ndani yake. "Ni kweli," alisema hatimaye, uso umemwiva. "Bao halihesabiki. Wojtala atatupa mwenyewe."

"Lakini wewe ndiye uliyeinua mkono!" Fessler alipaza sauti kutoka nyuma ya waya.

"Niliuinua kwa mazoea, bwana. Na ninyi wote mlikuwa mnatazama."

Idwal alitoka kwenye mstari akaenda kusimama ubavuni. Miaka yote ile hakuwahi kusimama pale wakati wa adhabu ya mwisho. Hakujua hata mikono aiweke wapi. Aliishia kushika kitambaa.

Stas alikuja kwenye mstari. Miguu aliiweka sawasawa. Alifanya msalaba, tena si kwa kifupi. Aliinama. Kiwiko kilikuwa ndani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na gidamu zilikuwa chini kabisa, zimeelekea sakafuni, na mpira ule, ukitupwa hivyo, ungekwenda kombo. Idwal aliona kabla haujaondoka mkononi, kama alivyozoea kuuona mshale wa mizani kabla haujatulia. Hakuna mwingine aliyeona. Hakuna ambaye angemlaumu. Kijana angekosa, na Januari angefungasha viatu yeye, si Idwal.

"Gidamu," Idwal alisema.

Hakupaza sauti, ila ukumbi ulikuwa kimya. Stas alisimama wima. Aliutazama mpira, akamtazama yeye.

"Kulia au kushoto?" Stas aliuliza, mbele ya watu mia nne.

Idwal alifumba macho. "Kulia, Stas. Kulia. Siku zote ni kulia."

Stas aligeuza gidamu, akaanza upya na msalaba mwingine, akainama na kuutupa. Ulizunguka chuma mara mbili, jambo lisilokuwa na sababu yoyote, kisha ukaingia.

Glynmoor walishinda kwa bao hilo. Bendi ilianza kupiga kabla waya haujakunjwa. Fessler alimpata Idwal kwenye benchi chumba cha kubadilishia nguo, anachomoa msumari kwenye kaptula.

"Unajua nitakachosema," Fessler alisema.

"Najua."

"Ungenyamaza tu pale, Idwal."

"Zilikuwa chini, Bwana Fessler. Zilikuwa chini kabisa."

Fessler aliketi kando yake, akavua kofia. Kupitia ukutani walisikia viatu vya watu vikiteleza kwenye nta. "Huyo kijana wa Trenton," alisema, "nasikia hatupi vizuri kama walivyoniandikia. Na wale wengine watatu nao wanahitaji mtu. Huwezi kuendelea kuja Jumanne?"

"Nije kufanya nini?"

"Kuwafundisha. Kama ulivyomfundisha huyu."

Idwal alikunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni. Alisema atafikiria. Kisha akasema hatahitaji kufikiria, ila kuna jambo moja, tena aliwahi kulitaja.

Jumanne moja ya mwezi wa kwanza alifika ukumbini na mpira kwapani. Kijana wa Trenton alikuwa anajifunga viatu, na Stas alikuwa anamweleza habari za mguu wa kulia, kwa sauti kubwa na kwa makosa mawili. Mbele ya goli, kuzunguka mstari wa adhabu, palikuwa na kipande cha sakafu kisichong'aa, kavu, cha rangi ya mbao, kisichozidi upana wa mkeka. Idwal alikipima kwa mguu. Alikikanyaga, akasugua soli, akasimama pale kwa muda bila kuteleza hata kidogo.

"Miaka kumi na minne," alisema, bila kumwambia mtu.

"Umesemaje, Bwana Prosser?" Stas aliuliza.

"Nimesema gidamu. Mwonyeshe gidamu kwanza."